Tupeane uzoefu: mliooana dini tofauti bila mtu kubadili dini, mlipitaje?

Wakuu habari zenu. Mimi Muislamu, mwenzangu Mlutheri, wazazi wameshakutana ila ndoa imekwama, shehe anasema jamaa aslimu kwanza, mchungaji wao anataka mimi nibatizwe, na sisi hakuna anayetaka kuhama. Nasikia Sheria ya Ndoa ya 1971 ya huku kwetu Tanzania inaruhusu kufunga bomani. Mliopita huko karibuni.

kipanga_moro: Mi nilifunga bomani. Mnapeleka taarifa, tangazo linabandikwa siku 21, sasa hizo siku 21 ndo moto wenyewe maana baba mdogo alikuta jina langu ubaoni akapanda juu, kaingia ofisini eti anaweka pingamizi. Yule mama wa mapokezi akamuuliza, wana undugu? binti ana mume? kalazimishwa? Mzee anajibu "dini zao mbalimbali!" Akaambiwa hiyo siyo sababu mzee wangu. Harusini hakuja, pilau alipelekewa na akala 😂

mama_wawili: Mi nilislimu kwa hiari yangu, sijuti. Ila dada sikiliza, kwenye fomu usiruke pale pa mke mmoja au wake wengi. Ndoa ya kanisani inahesabiwa ya mke mmoja, ya Kiislamu ya wake wengi, nyie wa bomani semeni wenyewe mapema. Ikishaandikwa mke mmoja haibadiliki mpaka wote wawili mkakubali mbele ya hakimu, kwa hiyo asije akakuletea habari za mke mwenza mezani.

kipanga_moro: 👆 hili wengi hatuambiwi, watu wanabishana dini tu

mvita001: Huku Mombasa ni vivyo hivyo, Sheria ya Ndoa ya 2014, twaenda kwa msajili na notisi ni siku 21 pia. Bibi yangu Mkatoliki, mimi kila Ijumaa msikitini, hakuna aliyegusa dini ya mwenzake. Lakini jueni kadhi hatawasikiza, katiba ya 2010 ibara ya 170 yataka wote muwe Waislamu na mkubali kwenda kwake. Mkikosana ni korti ya kawaida.

mwanzisha mada: Asanteni sana. Mashahidi je, lazima wawe ndugu? Maana kwetu sidhani kama atatokea mtu.

mama_wawili: Hapana, wawili tu hata marafiki. Ukikosa nishtue, nitakuja na kitenge changu.