UPS ya kawaida, UPS ya online, au inveta na lithiamu? Raki yangu ya nyumbani inanitesa

Mkwezi_wa_Mbezi (mtoa mada), Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Nina raki ndogo ya 12U (kabati la chuma la kupangia mitambo, U ni kipimo cha urefu wake), nimeiweka stoo chini ya ngazi. Ndani kuna seva, yaani kompyuta ndogo inayoendesha Proxmox (programu ya kugawa kompyuta moja iwe kama nyingi), NAS (kiboksi cha kuhifadhi data kwenye mtandao) ya diski nne, swichi ya mtandao inayolisha kamera nne, ruta, na kile kiboksi cha fiba. Nimeazima mita ya kuchomeka kwenye soketi nikapima: vikitulia vinakula wati 165. Vikiwashwa kwa mpigo, diski zinapoanza kuzunguka, inagonga 240.

Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi, mara tatu ndani ya dakika kumi. Mara ya tatu diski moja haikuamka. Data ipo, zile tatu zilizobaki zimenisitiri, lakini nimekoma.

Nimeenda Kariakoo, nimerudi na njia tatu (UPS ni kile kifaa chenye betri kinachobeba mzigo umeme ukikatika):

A. UPS ya kawaida yenye stabilaiza ndani, 1500VA/900W, betri mbili za 12V 9Ah.
B. UPS ya online, 2kVA, betri nne kama hizo hizo.
C. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ya volti 24 na betri ya lithiamu ya 25.6V 100Ah.

B ni kama mara mbili ya bei ya A, na C ni kama mara nne. Moyo wangu uko C, mfuko uko A, na muuzaji alikuwa ananisukumia B. Nawasilisha.

fundi_Ngarenaro, Arusha

Pole na diski, mkuu. Kwanza tuondoe hizo VA, uwezo wa kupitisha umeme kwa mpigo, mezani. 1500VA ni upana wa mlango tu, haikwambii ghalani kuna magunia mangapi. Kwa wati 165 hata mlango wa 600VA ungekutosha. Dakika zinatoka kwenye betri.

A ina 12 × 9 × 2 (volti, ampea-saa, idadi ya betri), yaani wati-saa 216 kwenye karatasi. Lakini 9Ah ya betri ya asidi huwa imepimwa kwa kuinyonya polepole, saa 20. Wewe utainyonya kwa ampea nane hivi, na kwa kasi hiyo inatoa kidogo zaidi ya nusu. Toa na kinacholiwa na inveta ya ndani, unabaki na dakika 35 hivi betri zikiwa mpya. B ina betri nne, kila moja inabeba mzigo mdogo zaidi, kwa hiyo unapata zaidi ya mara mbili: saa moja na robo, labda na nusu. C ni wati-saa 2560, na lithiamu haijali sana kasi ya kunyonywa. Hesabu saa kumi, hata kumi na moja.

Sasa jibu swali moja kabla hujatoa hata shilingi: umeme ukikatika unataka seva iendelee kufanya kazi, au unataka izimike vizuri? Ukishajibu hilo, kuchagua kati ya hizo tatu si kazi.

Chuma_cha_Mjini, Mwanza

Mnamzungusha tu. Nunua A, fungua, toa zile betri ndogo, vuta waya nje, unganisha betri mbili za gari za N70. Mimi nimefanya hivyo kwa TV na redio, napiga saa nne. Hela ya C kanunulie bodaboda.

fundi_Ngarenaro, Arusha

@Chuma_cha_Mjini kwa TV umebahatika. Kwa raki inayowaka usiku na mchana, hapana, na nitasema kwa nini maana nimeshazika UPS za watu walioshauriwa hivyo.

Chaja ya ndani ya UPS ndogo inatoa kama ampea moja. Betri ya 70Ah ukishaimaliza itachukua siku tatu kujaa, na umeme hausubiri. Pili, vipande vya bati vya kupoza transista mle ndani vimekatwa kwa kazi ya dakika chache. Ukiziendesha saa nne zinachemka hadi solda inalainika. Tatu, na hili ndilo linaloniogopesha: kwenye UPS nyingi za bei rahisi upande wa betri haujatenganishwa na umeme wa ukutani. Ukizitoa betri nje, unaweza kuwa umewawekea watoto ncha mbili za chuma zenye volti 230 sakafuni. Tena betri ya gari imetengenezwa kupiga stata. Kumalizwa mpaka chini kila siku kunaiua ndani ya miezi.

Dada_wa_Seva, Nairobi

Ndugu Mkwezi, pole sana. Mimi ningeuliza kama fundi: kuendelea au kuzima? Lakini naongeza: *nani atakiambia kila kifaa kizime?* Watu hununua betri, wakasahau ndani ya boksi waya wa USB, ule UPS inaoutumia kuiambia seva hali yake.

Nikuhadithie. Agosti 2023, ile Ijumaa usiku stima ilipopotea Kenya nzima, nilikuwa na UPS nzuri, na NUT, programu inayosoma hali ya UPS na kuzima vifaa, nimeiweka vizuri kabisa. Seva iliona betri inaisha, ikatuma ujumbe kwa NAS: zima. Ujumbe haukufika. Swichi ya mtandao nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni ya kawaida ukutani, siku ile niliponunua kamera nikakosa nafasi nyuma ya UPS. Seva ikazima kwa heshima zake, NAS ikabaki inaandika diski mpaka betri ikafa. Asubuhi nilikaa saa sita nikiangalia asilimia za ukaguzi wa diski zikipanda. Kwa hivyo chochote kinachobeba ujumbe, swichi, ruta, kiwe upande wa betri. Printa ndiyo ikae nje.

NUT ni bure na inaendana na UPS nyingi. Seva iliyoshika waya wa USB inakuwa mkuu wa zamu, vifaa vingine vinaiuliza hali kupitia poti 3493. Kama NAS yako ni Synology, kuna kitendawili kidogo: inatarajia UPS iitwe `ups`, mtumiaji `monuser`, nywila `secret`. Usipoziweka hivyo hivyo kwenye Proxmox itakuambia haioni kitu, na utapoteza jioni nzima. Kabla ya kununua, uliza UPS inaongea lugha gani kwenye USB. Zile zinazofuata utaratibu wa HID (ule wa kibodi na kipanya), draiva ni `usbhid-ups`. Za bei ya chini nyingi huhitaji `nutdrv_qx`, hufanya kazi ila huwa zinakisia asilimia za betri.

Bin_Kisiwani, Unguja

Bwana Mkwezi, hiyo stoo chini ya ngazi ina dirisha? Kama haina, betri zako zitakufa kabla ya hasira zako kupoa.

Betri kavu za asidi zinahesabiwa umri kwa nyuzi 25. Kila joto likipanda nyuzi nane mpaka kumi, umri unakatika nusu. Hapa kwetu Januari mpaka Machi chumba kilichofungwa kinafika 34 bila kujitahidi, na ndani ya UPS kuna joto lake lenyewe juu ya hilo. Ile "miaka mitatu hadi mitano" ya kwenye boksi, mimi naipata mwaka na nusu. Na haziagi. UPS inaonyesha asilimia 100, taa ya kijani, siku ya shida unapata dakika mbili. Nyingine zinavimba mpaka hazitoki kwenye nafasi yake, nimewahi kukata bati.

Ushauri wa mwanakisiwa: UPS iwe chini kabisa kwenye raki, si juu. Joto linapanda, na uzito unataka chini. Weka feni ndogo ya kutoa hewa. Na ukifunga betri mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Utasahau, hakika utasahau.

Kuhusu B: mimi ninayo. Umeme unaotoka ni safi mno, haujui hata kama nje kunawaka au giza, kwa sababu vifaa vinaendeshwa na inveta muda wote. Ila feni zake hazinyamazi na inakula sehemu yake saa zote. Ukiwa na chumba cha mitambo, barabara. Chini ya ngazi, karibu na chumba cha kulala, mke atakuuliza.

Mkwezi_wa_Mbezi, Dar es Salaam

Haina dirisha. Na chumba cha kulala kiko juu yake, sheikh. B imejitoa yenyewe.

Jibu la swali: seva naweza kuizima. Kamera na intaneti nataka viendelee, maana umeme hukatika usiku na ndipo ninapozihitaji. Sasa si lazima C?

fundi_Ngarenaro, Arusha

Hapo sasa umesema. Una mizigo miwili na unailazimisha iwe mmoja. Pima swichi na ruta na kiboksi cha fiba peke yake. Nadhani haifiki wati 50. Seva na NAS zikizima baada ya dakika tano, zile betri mbili za A zinabeba 50 kwa zaidi ya saa mbili, maana zikinyonywa polepole zinatoa zaidi. Na kile kiboksi cha fiba na ruta, kama vyote vinatumia volti 12, kuna vile vi-UPS vidogo vya lithiamu vinavyotoa 12V moja kwa moja. Havipandishi kwenda 230 kisha kushusha tena. Angalia tu alama ya plagi na ampea, usiunguze.

C ukiipenda baadaye haitaifukuza A. Watu wengi wanakosea hapa. Lithiamu ya LiFePO4, aina ya hiyo betri ya C, volti zake zimelala bapa: kutoka asilimia 80 mpaka 20 zinasogea kidogo sana, kisha mwishoni zinaporomoka. Programu haiwezi kujua kilichobaki kwa kuangalia volti. Basi panga hivi: umeme wa ukutani, inveta, kisha A, kisha raki. Ukikatika, inveta inabeba saa zote hizo na A haijui lolote. Siku lithiamu inaisha, ulinzi wake unakata, A ndiyo inaona giza kwa mara ya kwanza, na hapo NUT inazima kila kitu kwa kutumia dakika za A. Huna haja ya kukisia asilimia.

Inveta iwe ya wimbi safi, linalofanana na la umeme wa ukutani, la sivyo A italalamika kila dakika. Kwenye zile za Kichina zenye mipangilio ya namba, nyingi namba 03 unachagua UPS badala ya APL (vifaa vya kawaida vya nyumbani), ili zihame ndani ya milisekunde 10 badala ya 20. Namba 05, aina ya betri, weka USE (unajiwekea volti mwenyewe), usiache AGM (betri ya asidi). Kwa betri yako ya seli nane, kuchaji 28.4, kushikilia 27.2, kukata 24. Na fyuzi ya DC ikae karibu na betri, si karibu na inveta. Hiyo sibishani na mtu.

Chuma_cha_Mjini, Mwanza

Hilo la volti 230 kwenye waya za betri sikulijua. Nimezima ya kwangu jana. TV tutaangalia umeme ukiwepo.

Dada_wa_Seva, Nairobi

Mkwezi, ukifunga A usiridhike na taa. Jaribu. Na ukijaribu usichomoe plagi, zima kwa swichi ya soketi ukutani. Ukichomoa unaondoa na ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, na vifaa vyote vinabaki vinaelea. Swichi ya soketi zetu haikati ethi, inabaki.

Mkwezi_wa_Mbezi, Dar es Salaam

*(wiki tano baadaye)*

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimechukua A pamoja na ki-UPS cha 12V cha fiba na ruta. Raki nimeitoa chini ya ngazi, iko korido kwenye hewa. Nilizima soketi na mzigo wote wa 165 ukiwa juu yake: dakika 31. Fundi, ulikaribia.

Kwenye jaribio la pili niliiacha NUT ifanye kazi. Nilipanga seva na NAS zizime baada ya dakika tano. Zikazima vizuri. Nikawasha soketi. Hakuna kilichoamka. Nimesubiri robo saa kama mjinga. Nikaangalia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), iko sawa, imeambiwa iwashe umeme ukirudi.

Dada_wa_Seva, Nairobi

Ha! Umeme haukuwahi kuiacha seva, ndiyo maana haikuona ukirudi. Ilijizima, lakini UPS iliendelea kuilisha. Lazima seva ikiwa inalala iiambie UPS "kata na wewe", kisha umeme wa ukutani ukirudi, UPS nayo iilishe tena. Angalia `POWERDOWNFLAG` (alama ya kuiagiza UPS ikate) kwenye `upsmon.conf` iwe imewekwa, na `offdelay` (muda wa kusubiri kabla ya kukata) kwenye `ups.conf`. Kawaida ni sekunde 20, ni chache kwa NAS inayofunga diski nne. Weka 120, na `ondelay` (muda wa kusubiri kabla ya kurudisha umeme) iwe kubwa kuliko hiyo, tuseme 150.

Lakini ngoja. Ukikata UPS, swichi na kamera zinakufa pia.

Mkwezi_wa_Mbezi, Dar es Salaam

Ndilo nililoligundua baada ya kuweka 120. Seva iliamka yenyewe, nikashangilia, halafu nikakuta kamera zina shimo la dakika mbili na nusu. Kwa sasa nimeacha UPS isikate. Ruta, ambayo inaishi muda wote, nimeipangia iamshe seva kupitia mtandao kila dakika kumi mchana. Najua si safi. Kamera zangu zinataka volti 48 kupitia swichi, kwa hiyo ki-UPS cha 12V hakiwezi kuzibeba.

fundi_Ngarenaro, Arusha

UPS nyingine zina makundi mawili ya soketi na unaweza kukata kundi moja tu. Yako geuza nyuma uangalie, wakati mwingine imeandikwa na mtu haoni. Kama haina, ya ruta si mbaya, nimeona mabaya zaidi maofisini.

Bin_Kisiwani, Unguja

Na tarehe kwenye betri?

Mkwezi_wa_Mbezi, Dar es Salaam

Nimeandika, sheikh. Zote mbili, na nyingine kwenye mlango wa raki. Nyuma nimegeuza: soketi zote kundi moja.