Bafa ya libcurl: kupandisha BUFFERSIZE au kukusanya data mwenyewe?

MpakuaMafaili
Naandika programu ya C inayopakua mafaili makubwa kwa libcurl (maktaba ya kuhamisha data mtandaoni) na kuyahifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu ambayo ni nzito katika kuandika. Kolibaki (funksheni yangu ambayo libcurl huiita ili kunikabidhi data) niliyoisajili kwa CURLOPT_WRITEFUNCTION huitwa mara nyingi mno, na kila mara hupewa baiti zisizozidi 16,384. Je, nipandishe CURLOPT_BUFFERSIZE (ukubwa wa bafa, yaani hifadhi ya muda ya data, ya libcurl) hadi kilobaiti 512, au nikusanye vipande katika bafa yangu kabla ya kuandika?

Fundi_Soketi
Ningepandisha BUFFERSIZE, kwa kuwa ni mstari mmoja tu wa kodi. Tangu toleo la 7.53.0 kikomo kilifika kilobaiti 512, na matoleo ya sasa yanaruhusu hadi megabaiti 10. Kwa SFTP (njia ya kuhamisha mafaili kwa usalama) hasa, bafa kubwa huongeza kasi kwa kiwango kinachoonekana.

Binti_Kodi
Kuhusu SFTP nakubaliana nawe, ndugu Fundi, ila hilo silo aliloliuliza mwenzetu. BUFFERSIZE huelekeza ni kiasi gani libcurl ijaribu kusoma kutoka kwenye mtandao kwa mkupuo mmoja, tena ni ombi tu ambalo maktaba haifungwi nalo. Kabla ya kuiita kolibaki, maktaba huikata data hiyo katika vipande visivyozidi CURL_MAX_WRITE_SIZE, yaani baiti 16,384, kwa hiyo hata ukiweka megabaiti 10 kolibaki yako haitapokea kipande kikubwa zaidi ya hicho. Ukishusha bafa hadi kima cha chini cha baiti 1,024, hapo ndipo utaona tofauti, kwa maana kolibaki itaitwa mara nyingi zaidi.

Fikiria pia kumbukumbu: pale ambapo kila uhamishaji una bafa yake, mihamisho 200 ya kilobaiti 512 kila mmoja hula megabaiti 100.

Na usitenge safu ya baiti 16,384 ukadhani umemaliza. Ukiwasha CURLOPT_HEADER, vichwa vya HTTP (taarifa zinazotangulia data yenyewe) hupita katika kolibaki hiyo hiyo, navyo vinaweza kufika kilobaiti 100.

Mzee_wa_C
Basi kusanya mwenyewe, ingawa huenda usihitaji kuandika bafa yoyote. Ikiwa kolibaki yako inatumia fwrite (funksheni ya C ya kuandika kwenye faili), ita setvbuf, inayoweka bafa ya faili, mara tu baada ya kufungua faili na uipe megabaiti moja, nayo maktaba ya C itakukusanyia. Watu husahau kwamba chombo hiki kipo, kisha hutunga mistari mia ya kodi yenye kasoro.

Ukiamua kutunga bafa yako, rudisha idadi ile ile ya baiti ulizopewa, hata kama bado hazijaandikwa kwenye kadi, la sivyo uhamishaji utakatika kwa CURLE_WRITE_ERROR, kosa namba 23. Usitegemee baiti ya sifuri mwishoni mwa data, kwani haiwekwi. Baada ya curl_easy_perform kurudi, andika masalio yaliyobaki katika bafa.

MpakuaMafaili
Nitatumia setvbuf, mzee wangu. Na kadi ikijaa foleni, je, naweza kuisimamisha libcurl kwa muda?

Binti_Kodi
Unaweza: rudisha CURL_WRITEFUNC_PAUSE, kisha uiendeleze kwa curl_easy_pause. Angalia tu kwamba kipande ulichokipokea wakati huo kinahesabiwa kuwa hakijapokewa na kitaletwa tena, kwa hiyo usikinakili kabla ya kurudisha jibu hilo.