Nilikatwa pesa kwa sababu ya "unyevu", siku 23 baadaye wanaitangaza motahomu yangu kuwa ni kavu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimeuza motahomu yangu, yaani gari lenye nyumba ya kuishi safarini, kwa yadi ileile iliyoniuzia, na walichonifanyia kila mwenye gari la aina hii anapaswa kukijua, pamoja na yeyote anayefikiria kulinunua. Jina la yadi silitaji. Malalamiko yangu rasmi yako mezani kwao na nataka wanijibu kwa maandishi.

Niliinunua mpya mwanzoni mwa 2021. Hesabu zote za pesa nitazitoa kwa asilimia ya bei ya gari siku ile, ili msomaji wa popote aelewe. Kianzio nilitoa 15, zilizobaki ukawa mkopo wa miaka 10. Tumeitumia miaka minne na miezi miwili, kilomita 31,000, haijawahi kugongwa, na kila mwaka nimeipeleka kwenye ukaguzi wa sehemu ya makazi kama dhamana ya kuta inavyotaka. Mwaka huu mke wangu amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Ngazi ya mlangoni hawezi tena kuipanda. Tukaamua kuiuza.

Nikawapigia simu, nikawatumia picha, kitabu cha matengenezo na karatasi zote nne za ukaguzi. Wakasema watanipa 60. Iliniuma, lakini nilikubali, kwa sababu deni la benki lilikuwa limebaki 57. Ningelimaliza na kubakiwa na kidogo cha kusaidia gharama za hospitali. Nikaendesha saa tatu kuifikisha kwao, mvua ikinyesha njia nzima.

Walipomaliza kuikagua ikawa 49.

Naomba mnisikilize hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kati ya zile 11 walizokata, 6 zilikuwa za unyevu peke yake. Kijana wao aliingia na kipima unyevu, akazunguka ndani kwa dakika zisizofika kumi, akaniita kona ya nyuma kushoto, chini ya dirisha. Kipimo kikaonyesha unyevu wa asilimia 24. Wanaoyajua magari haya wanaelewa maana ya namba hiyo. Kwa kawaida chini ya 15 ukuta ni mkavu, kati ya 15 na 20 unaufuatilia kwa karibu, ukivuka 20 kuna mahali maji yanapenya, na ukivuka 30 mbao za ndani huenda zimeshaanza kuoza. Hakuna kinachoua thamani ya motahomu kama maji. Injini unaweza kuitengeneza ukaona mwisho wa kazi. Ukuta uliolowa unaubandua hujui utakuta nini, na kuukausha tu ni kazi ya wiki nyingi.

Wiki nane kabla ya siku hiyo fundi wa kujitegemea alikuwa ameipima sehemu hiyohiyo. Karatasi yake ninayo. Kona ya nyuma kushoto: 11. Gari zima, cha juu kabisa kilikuwa 14. Nikamwomba kijana apime tena sentimita chache pembeni, kwa sababu vipima vinavyogusishwa juu ya ukuta bila sindano hudanganyika vikikuta chuma nyuma yake, na pale pana bamba la chuma linaloshika dirisha. Akakataa. Nikaomba aniandikie vipimo vyote kwenye karatasi. Akasema yadi haitoi vipimo vyake. Nikamwonyesha karatasi ya fundi, meneja akajibu kwamba karatasi za watu wa nje hawazitumii. Lakini ni karatasi hizohizo walizozipokea kwa simu walipokuwa wananitajia 60!

Nyingine 3 zikakatwa kwa mwaka wa shasi, yaani fremu ya chini inayobeba gari. Jambo hili wengi hulijua siku ya kuuza, kwa hiyo nalieleza kwa ambao bado hawajanunua. Motahomu ni vitu viwili vilivyounganishwa. Chini kuna shasi, injini na gia kutoka kwa mtengeneza magari, mara nyingi Fiat Ducato, Ford Transit au Mercedes-Benz Sprinter. Juu kuna nyumba iliyojengwa na kiwanda kingine. Kiwanda cha nyumba hununua shasi kwa wingi na kuziweka, kwa hiyo motahomu inayouzwa kama ya mwaka huu inaweza kuwa imekalia shasi ya mwaka jana. Yangu niliuziwa kama "modeli ya 2021", imeandikwa hivyo kwenye mkataba niliotia saini mbele ya meneja huyuhuyu. Siku yeye alipoinunua kutoka kwangu, akainama akasoma bamba la shasi, akaniambia, "Hii kwetu ni ya 2020."

Mbili za mwisho ni matairi na kile walichokiita "kukaa sana". Kwenye matairi siwalaumu. Namba nne za ubavuni zilisomeka 3520, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2020, na gari zito linalosimama muda mrefu hupasuka mpira hata kama kashata zake bado nzima. Hilo ni haki yao. Lakini mwaka 2021 muuzaji wao aliniambia kwa mdomo wake: kilomita chache ndizo zitakazokushikia bei. Nimeitunza miaka minne kwa neno lile. Sasa uchache uleule wa kilomita umekuwa kosa langu.

Sola ya juu ya paa, betri za lithiamu, kamera ya nyuma, turubai la kivuli: sifuri. "Vifaa vya ziada hatuvipi bei."

Najua kuna watakaokuja kusema gari lolote hushuka thamani, nivumilie. Sibishani na uchakavu. Nilijua mwaka wa kwanza ndio unaomeza kipande kikubwa kuliko miaka mingine. Nilijua pia kwamba nilinunua wakati mbaya. Kwa takwimu za chama cha watengenezaji cha Marekani, RVIA, mwaka 2021 viwanda vilitoa magari 600,240 ya burudani, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa, na nyingi kati ya hizo ni zile nyumba za kuvutwa. Mwaka 2023 zilishuka hadi 313,174. Waliokimbilia kununua wakati watu wamefungiwa ndani walirudi sokoni kwa pamoja kuuza, na bei za mkononi zikaanguka. Hiyo ni hasara ya soko, na nilikuwa tayari kuibeba. 60 ndiyo iliyokuwa hasara ya soko! Ile 11 iliyoongezeka haikuletwa na soko. Ililetwa na watu watatu waliosimama wakilizunguka gari langu, huku wakijua nimetoka mbali, nimekwisha kuvua mapazia na kutoa vyombo, na mke wangu yuko nyumbani anangoja pesa.

Nilisaini. Yadi nyingine iliyo karibu ilisema haiwezi kuiona kabla ya wiki tatu, na nafasi niliyokuwa nakodi kuegesha ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Deni 57, malipo 49. Nimelazimika kutoa 8 mfukoni ili benki iachie kadi ya gari. Miaka minne ya marejesho bila kuchelewa hata mwezi mmoja, na siku ya kuuza mimi ndiye ninayelipa. Mikopo hii mirefu ndivyo ilivyo: miaka ya mwanzo unalipa riba zaidi, deni linashuka taratibu huku gari linashuka mbio, na katikati pana miaka kadhaa ambayo huwezi kuuza bila kuongezea pesa. Mkikopeshwa kwa miaka 15 au 20, kama wengi wanavyokopeshwa Marekani, shimo hilo linakuwa refu zaidi. Weka kianzio kikubwa au usikope. Hapa sina lugha laini.

Sasa siku 23 baadaye. Mdogo wangu ananitumia tangazo. Ni yangu. Nimeitambua kwa mkwaruzo mdogo wa kabati la jikoni ambao binti yangu aliuacha. Bei: 68. Nikasoma maelezo neno kwa neno.

"Modeli ya 2021." Ile iliyokuwa ya 2020 kwao.

"Kilomita chache sana, 31,000 tu." Zile zilizokuwa "kukaa sana".

"Vifaa vingi vya ziada: sola, betri za lithiamu, kamera, turubai." Vile visivyopewa bei.

Na mstari wa mwisho: "Imepimwa unyevu, sehemu zote chini ya asilimia 15."

Niliurudia mstari huo mara nyingi mikono ikitetemeka. Ukuta wenye 24 haukauki kwa siku 23 ukaingia na kwenye picha. Unatafuta panapopenyeza, unabandua, unaacha kukauke, unabadilisha mbao, unaziba upya. Picha zao zinaonyesha ukuta uleule, na silanti ya dirisha, ile gundi ya kuzuia maji, ni ileile ya zamani. Kwa hiyo ni mojawapo kati ya mawili. Ama nilidanganywa mimi nikaporwa 6, ama anadanganywa atakayeinunua na ananunua ukuta unaooza. Hakuna njia ya tatu, na yadi haijanipa.

Nimewaandikia barua yenye maswali matatu: karatasi ya vipimo vya siku ya kwanza iko wapi, nani alitengeneza nini kati ya tarehe hizo, na kwa nini gari moja limepewa modeli mbili, ya 2020 na ya 2021. Wamenijibu kwa simu kwamba mkataba umeshafungwa. Sikuuliza kuhusu mkataba.

Kwa mnaokaribia kuuza: kipimo cha unyevu kifanyike siku moja au mbili kabla, na fundi asiyehusika na mnunuzi, na umwombe akuwekee picha ya kipima kikiwa kimegusa ukuta, namba ikionekana. Ofa ya simu itake kwa maandishi, na kila makato yawe na bei yake pembeni. Betri za lithiamu zing'oe, rudisha zile za kawaida za madini ya risasi zilizokuja na gari, hizo nyingine ziuze peke yake. Usiipeleke mvua ikinyesha. Na kama una muda, muuzie mtu moja kwa moja, hata ikichukua msimu mzima. Mimi muda sikuwa nao na walilijua hilo tangu simu ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimewaeleza habari za mke wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ile 11.

Naomba waliokatwa kwa unyevu bila kupewa karatasi waweke hapa namba walizoambiwa na namba za ukaguzi wao wa mwisho. Nataka nione kama ni mimi peke yangu.

Jana jioni tangazo limeandikwa "imeuzwa". Kwa hiyo haya ya mwisho nakuandikia wewe uliyeinunua, kama utapita hapa. Kona ya nyuma kushoto, chini ya dirisha, inua godoro na utoe ubao wa pembeni wenye skrubu mbili. Pima hapo, halafu pima tena sentimita kumi kulia, mbali na chuma. Karatasi za miaka yote minne nimebaki na nakala zake. Niandikie, nitakupa zote.