"Hitilafu ya poti ya mawasiliano" inanitoa roho na saporti wanasema ni mtandao wangu

Wakuu nimechoka, na asije mtu hapa kuniambia niristati seva, nimeristati mpaka nimeota sugu.

Iko hivi. Tuna programu ya biashara, ile ya kila kitu humo humo, mauzo, stoo, uhasibu, mishahara, inakaa kwenye seva moja na watu wanaingia kutoka mashine zao. Wiki ya tatu hii, kuna asubuhi inakubali na kuna asubuhi kila anayefungua anakutana na kidirisha cheupe: "Hitilafu ya poti ya mawasiliano. Wasiliana na msimamizi wa mfumo." (Poti ni ule mlango wenye namba ambao programu inasikilizia kwenye seva.) Sasa msimamizi wa mfumo si ndo mimi! Mimi nimpigie nani?

Nikawapigia waliotuuzia (siwataji, wanajijua). Wa kwanza, zima fayawoli. Nikazima. Wa pili, toa antivairasi. Nikatoa. Wa tatu akaniambia piga ping kwenye seva, yaani itumie kijiujumbe kuona kama iko hewani, ikajibu, akasema basi hapo kwetu kuko safi, angalia mtandao wako. Jamani ping haigusi poti yoyote, seva inaweza kujibu ping kutwa nzima huku huduma yenyewe imelala fofofo, na huyu ndo fundi! Wa nne akasema niistoli upya, halafu tiketi ikafungwa, "imetatuliwa". Imetatuliwa na nani?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Windows ikikataa haikatai kimya, inatoa namba. 10061 umefika mlangoni ila hakuna anayesikiliza, huduma haijawaka. 10060 umebisha mpaka muda ukaisha, hapo mara nyingi fayawoli imemeza. 10048 kuna mwingine ameshaikalia hiyo poti. 10013 umenyimwa ruhusa. Magonjwa manne, dawa nne, hawa wameyafunga yote kwenye kidirisha kimoja na namba wameificha.

Juzi usiku nikazama kwenye logi, lile faili programu inapoandika matukio yake, mstari wa elfu na ushee huko nikaikuta: poti 50300, 10013. Nikapiga netstat -ano, amri inayoorodhesha poti zinazotumika, nikatafuta 50300, hamna kitu. Poti tupu na bado inakataliwa! Nikabaki nakodolea skrini kama zuzu. Kuja kujaribu amri ya kuonyesha poti zilizotengwa

netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp

hiyo hapo, 50260 mpaka 50359, imetengwa. Mwezi uliopita tuliwasha Hyper-V, ile ya Windows ya kuendesha kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta, kwa ajili ya mashine ya majaribio, kumbe ikija inakuja na WinNAT, huduma ya kuziunganisha mashine hizo na mtandao, na huyo WinNAT mashine ikiwaka anajitengea mafungu ya poti. Netstat haioni kwa sababu hakuna programu iliyokaa pale, kiti kimewekewa kitambaa tu mwenyewe hayupo. Na mafungu yanaweza kuhama kila ukiristati, kwa hiyo hiyo "ristati tu mkuu" yao ilikuwa bahati nasibu, ikipona wanajisifu, ikigoma ni mtandao wangu.

Halafu ni nani mwenye akili timamu anayechagua poti ya kudumu kwenye 50300? Windows inagawa poti za muda kuanzia 49152 mpaka 65535, hapo ni sokoni, kila anayepita anaokota yake. Umeweka duka lako katikati ya njia halafu unashangaa kukanyagwa.

Kwa mwenye shida kama yangu, fungua komandi kama admini:

net stop winnat
netsh int ipv4 add excludedportrange protocol=tcp startport=50300 numberofports=1
net start winnat

Weka namba ya poti yako. Ukiangalia tena orodha utaiona ina kinyota pembeni, maana yake imetengwa kwa amri yako na WinNAT haichukui, ila programu yako ikiitaja yenyewe inaipata. Ikishindikana hapo katikati, bado kuna fungu linalokalia, ristati kisha rudia. Mimi asubuhi mbili sasa watu wanaingia bila makelele.

Nikawaandikia saporti yote haya, na logi nikaambatanisha. Wamejibu leo. Wanaomba picha ya kidirisha.