Watoto wa Mkunazini: wimbo wa Mjomba Salim

*Alhamisi jioni*

Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Mjomba Salim anatua Jumamosi ya wiki ijayo, ndege ya alasiri. Vijana wa bendi watakaompigia siku ya kumpokea wanataka jina la wimbo wa Queen, ile bendi ya Kiingereza, KESHO kabla ya magharibi, wapate muda wa mazoezi. Wimbo mmoja tu. Kila mtu ataje wake na sababu. Na ambao hamjatuma mchango, tumeni.

Zuhura: Mjomba asiingizwe humu wala asiambiwe kitu. Sule, nakusema wewe.

Sule: Mie tena 😂

Mwanaidi Maskati: Waalaykum salaam. Bohemian Rhapsody. Nimemaliza, nakwenda kulala.

Zuhura: Sababu?

Mwanaidi Maskati: Sababu ya nini tena jamani. Wimbo wa 1975 na wanangu waliozaliwa juzi wanaujua wote kwa moyo. Wakubwa wa kampuni walisema hakuna redio itakayoupiga, maana unakaribia dakika 6. Ukakaa nambari moja Uingereza wiki 9. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alipofariki 1991 ukatolewa tena ukarudi palepale juu. Na hauna hata kiitikio! Nitajieni wimbo mwengine wa namna hiyo.

Hamadi Dar: Mnapiga kura kwa umaarufu. Wimbo ni Another One Bites the Dust. Sikilizeni besi ya John Deacon mle, sauti chache tu lakini huwezi kukaa kitini. Michael Jackson ndiye aliyewahimiza waitoe, ikashika nambari moja Marekani 1980. Na Deacon ndiye alikuwa mkimya wao, hata kuimba haimbi. Wakimya ndio wenye mambo.

Latifa Toronto: Kaka Hamadi, maneno ya wimbo huo unayajua lakini? Mtu wa miaka 70 anashuka kwao baada ya maisha ya baharini, wewe unampokea kwa "mwengine huyo kaanguka"?

Sule: 😂😂😂 Hamadi anaharakisha mirathi

Hamadi Dar: Sule usinianze.

Zuhura: Tusitoke nje ya mada. Kura mbili. Wengine?

Ami Khamis: Mie wimbo sina. Nakumbusha tu, huo wa Mwanaidi una Bismillah ndani yake, inarushwa huku na huku katikati ya makelele. Nyumba imepakana ukuta kwa ukuta na msikiti. Na mwaka 2006 mnaukumbuka. Ilipangwa sherehe hapa mjini ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa yule bwana Freddie, watu wa dini wakapinga, ikafutwa. Sitaki Salim aje kukutana na maneno ya watu.

Mwanaidi Maskati: Ami shikamoo. Lakini neno halikutukanwa mle Ami. Mtu kazaliwa hapa hapa Unguja 1946, Farrokh Bulsara, kwao Maparsi, utoto wake katika mitaa hii hii adhana anaisikia. Neno alilikuta mjini.

Ami Khamis: Marahaba. Sikusema katukana. Nimesema ukuta kwa ukuta.

Sule: Basi wapigeni ule wa Mustapha, huo una Kiarabu tele, Ami ataitikia mwenyewe 😂😂

Ami Khamis: Suleiman.

Sule: Samahani Ami.

Zuhura: Kiongozi wa bendi nimempigia sasa hivi. Bohemian kasema hawaiwezi. Kasema ile sehemu ya katikati, ya sauti zinazopandana, Freddie na Brian May mpiga gitaa na Roger Taylor mpiga ngoma walizirekodi moja juu ya moja mpaka utepe ukakaribia kutoboka. Hata Queen wenyewe jukwaani hawakuiimba, walikuwa wakitoka, inapigwa kanda, halafu wanarudi na magitaa. Sasa vijana wetu watatoka waende wapi, jikoni?

Mwanaidi Maskati: Basi ipigwe kanda. Kama wenyewe walipiga kanda, tatizo liko wapi?

Zuhura: Bendi nimeshailipa arbuni Mwanaidi.

Rehema: Mjomba mwenyewe sahani yake ilikuwa A Night at the Opera. Ile aliyokuja nayo likizo, jalada jeupe, simba wawili na kaa na lile dege kubwa limetanda mbawa juu. Alikuwa akituambia nembo ile kaichora Freddie kwa mkono wake. Tunakaa kwenye baraza anaweka sindano polepole, haturuhusiwi kukimbia maana ubao ukitikisika sahani inaruka.

Latifa Toronto: Naikumbuka! Alikuwa anaifuta kwa kitambaa cha miwani.

Rehema: Ndiyo. Sasa iko wapi?

Rehema: Kaka Hamadi?

Sule: 👀

Hamadi Dar: Nilijua tutafika huku.

Rehema: Nauliza kwa wema. Nyumba ilipopangishwa, gramafoni na sahani zilipanda boti pamoja na wewe. Ulisema zinakwenda kwa fundi.

Hamadi Dar: Na zilikwenda kwa fundi. Nani kasema niliuza? Kila sherehe ya familia hii lazima gramafoni itajwe. Kodi ya miaka yote ile ilikwenda wapi, mbona hilo hamliulizi?

Zuhura: Hamadi. Rehema. Si leo.

Sule: Fundi huyo sasa keshapata wajukuu

Hamadi Dar: Sule nitatoka humu.

Zuhura: HATOKI MTU. Wimbo!

*Ijumaa*

Zuhura: Sabahalkheri. Humu ndani kuna watu kibao na kura ni mbili na nusu. Najua mnasoma, naona alama za buluu.

Latifa Toronto: Da Zuhura samahani, huku nilikuwa kazini. Mie nimewaza usiku kucha. The Show Must Go On. Nisikilizeni kabla hamjabisha. Wanarekodi 1990, Freddie mgonjwa, kusimama kwenyewe tabu. Brian May ndiye aliyeushika wimbo ule, na ana wasiwasi, sauti ziko juu mno, anajiuliza kama mwenzake atazifikia. Freddie akapiga funda la vodka (Ami nisamehe), akaimba wote. Uwekeni masikioni mjisikilizie wenyewe, hakuna pahala alipokwepa. Ukatoka peke yake Oktoba 1991, kiasi cha wiki 6 hivi akafariki, tarehe 24 Novemba. Nyimbo nyengine za Queen zinaonyesha walivyokuwa mafundi. Huu unaonyesha mtu. Na Mjomba ni mtu wa kusimama, kazama meli mbili akasimama.

Mwanaidi Maskati: Hapo Latifa umenigusa. Nabadilisha kura.

Rehema: Na mie huo.

Sule: Na mie, kweli kabisa.

Zuhura: Alhamdulillah! Tumefika. Hamadi?

Zuhura: Hamadi kimya, kimya ni ridhaa. Nawaandikia bendi.

Zuhura: Nimewaandikia. The Show Must Go On. Sasa tuje kwenye biriani, nani anazungumza na mpishi

Rehema: Da Zuhura subiri.

Rehema: Nilikuwa namsomea Bi Mkubwa mazungumzo. Kaniambia niandike anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Rehema: "Zuhura mwanangu. Huo wa mwisho usipigwe nyumbani kwangu. Nilikuwako Cardiff mwaka aliofariki Rukia. Salim akirudi makaburini hali, hasemi, anauweka huo, ukisha anaurudisha, mpaka alfajiri inaingia. Nilimwomba auzime. Akaniambia, dada niache. Nikamwacha. Baada ya arubaini hakuuweka tena mbele yangu. Mtu anakuja kwao nyinyi mnataka kumfungulia msiba mlangoni? Nyimbo za hao watu ni nyingi. Tafuteni mwengine."

*Ijumaa, baada ya swala*

Zuhura: Shikamoo Bi Mkubwa. Nimefahamu. Nawaambia bendi wauache.

Latifa Toronto: Bi Mkubwa naomba radhi. Wallahi sikujua.

Rehema: Kasema hukukosa, ulikuwa mdogo.

Ami Khamis: Allah amrehemu Rukia.

Mwanaidi Maskati: Amin.

Sule: Amin.

Zuhura: Amin. Jamani saa zinakwenda. Magharibi haingoji.

Abdul: Assalaam alaykum. Samahani nimechelewa, nilikuwa nasoma tu.

Sule: Abdul yumo humu kumbe??

Abdul: Nimo tangu mwanzo kaka Sule. Da Zuhura, kuna wimbo haujatajwa na mtu. Uko kwenye sahani ile ile ya Mjomba, upande wa kwanza, wa tano. Unaitwa '39. Kautunga Brian May, na yeye ni msomi wa nyota, aliacha masomo yake ya PhD kwa ajili ya Queen akaja kuyamaliza 2007. Ukiusikiliza hivi hivi utadhani ni wimbo wa mabaharia wa zamani: watu wamejitolea, wanapanda chombo, wanakwenda kutafuta nchi mpya, wanarudi. Lakini chombo chenyewe kinapita angani, na kinakwenda mbio kiasi kwamba wao wanahesabu mwaka mmoja, huku nyumbani imepita 100. Ile hesabu ya Einstein. Anashuka anaita watu wake, wakati umeshawapita. Gitaa linalobeba wimbo si la kelele, ni lile la kawaida lisilo la umeme, na Deacon kashika besi kubwa ile ya kusimama. Mazoezi yake siku mbili zinatosha, mie mwenyewe nimeshaanza. Mjomba kaondoka hapa kijana kwa meli, anarudi mzee. Sioni wimbo mwengine wa Queen unaomhusu zaidi ya huu.

Zuhura: Abdul mwanangu mbona ulinyamaza muda wote huo

Abdul: Mlikuwa kwenye gramafoni Da Zuhura, nikaona nisubiri.

Ami Khamis: Kama hauna makelele mie sina neno.

Hamadi Dar: Huo nauunga mkono. Mjomba alikuwa akiurudia sana. Sahani ikifika hapo ilikuwa na mkwaruzo, inadunda kidogo, yeye anacheka.

Rehema: Unakumbuka vizuri mkwaruzo wake kaka Hamadi.

Mwanaidi Maskati: Ngojeni kwanza. '39 kaimba Brian May, si Freddie. Mnataka kuniambia wimbo bora wa Queen hauna sauti ya Freddie mbele? Hapana. Uzuri wa wimbo sibishi, ila Queen bila ile sauti ni bendi nzuri tu kama nyengine. Bendi iliyokusanya uwanja mzima wa Wembley mkononi kwenye tamasha la Live Aid 1985 kwa dakika 20 iliwezeshwa na nani? Na ni mtoto wa hapa. Mjomba kaishi ugenini miaka yote anawaambia Waingereza yule ni wa kwetu. Halafu anafika kwetu tunampigia wimbo asiouimba yeye?

Abdul: Dada Mwanaidi, jukwaani Freddie ndiye aliyekuwa akiuimba. Kwenye sahani tu ndiyo Brian.

Mwanaidi Maskati: Aa. Hilo sikulijua.

Mwanaidi Maskati: Bado nafikiri.

Latifa Toronto: Na mie nina wasiwasi mwengine. Abdul kausimulia vizuri, lakini si msiba uleule? Mtu anarudi waliomngoja hawapo. Mjomba alikuwa baharini bibi alipofariki, hakuwahi maziko. Mnajua alivyo na jambo hilo mpaka leo.

Sule: 😶

Zuhura: Sule hata wewe huna neno?

Sule: Sina. Latifa kasema kweli. Na Abdul kasema kweli.

Hamadi Dar: Tofauti ipo. Ule Bi Mkubwa alioukataa, Mjomba aliutumia kulia. Huu alikuwa akiupiga sisi watoto tumekaa pale barazani, na bibi yuko hai, anapita na sinia la chai anamwambia punguza. Kwake wimbo huu ni wa bibi yu hai. Mie ndivyo ninavyouona.

Rehema: Hapo umesema kaka.

Zuhura: Rehema, muulize Bi Mkubwa. Akiridhia tunamaliza.

Rehema: Kalala. Kapanda kitandani baada ya dawa, simwamshi.

Zuhura: Magharibi ni saa moja kasoro na kiongozi wa bendi kanipigia tena!

Zuhura: Haya. Nimemwambia waanze '39, na Don't Stop Me Now iwe akiba, hiyo ina Freddie na piano na haina msiba wa mtu. Bi Mkubwa akiamka ndiye atakayesema. Mwanaidi?

Mwanaidi Maskati: Akiba iwe Bohemian.

Zuhura: MWANAIDI.

Mwanaidi Maskati: Nimetoa mchango mara mbili ya wenzangu, sauti yangu ihesabiwe.

Ami Khamis: Ukuta kwa ukuta, Mwanaidi.

Abdul: Kaka Hamadi, ukiipata ile sahani nipigie, nisikilize Mjomba alikuwa akiusikia vipi. Ya intaneti imesafishwa sana.

Hamadi Dar: Sahani ninayo.

Rehema: Unayo??

Hamadi Dar: Sahani ninayo ndani. Gramafoni ndiyo iliyobaki kwa fundi, na fundi alihama.

Latifa Toronto: Subhanallah.

Zuhura: Hamadi, boti ya asubuhi. Mpe mtu aje nayo, au uje nayo mwenyewe, chumba cha juu kiko wazi.

Hamadi Dar: Kesho nina kazi. Nitaona.

Zuhura: Utaona lini? Na gramafoni ya kuazima nani anayo hapa mjini?