Mlima wa Kalinzi napanda na madumu mawili ya mawese, huu wa kwenye simu umenishinda

BodaWaMwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni dereva wa bodaboda, huu mwaka wa kumi na moja, kijiwe chetu kiko Mwanga hapa Kigoma. Nimeshabeba wagonjwa, nimeshabeba mbuzi, nimeshabeba kabati la vyombo likiwa na vioo vyake kutoka Ujiji mpaka Gungu na hakuna kilichopasuka. Ukiacha lami ya Manyovu ukaingia vile vijiji vya Kalinzi, kule kwenye kahawa, mvua ikinyesha njia inakuwa kama kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye beseni. Napanda. Sijisifu, ndiyo kazi inayolisha nyumba yangu.

Sasa mpwa wangu alikuja likizo, akaikuta Nokia 2700 yangu ya akiba (naitunza kwa sababu inakaa na chaji), akaniwekea gemu la pikipiki linaitwa Gravity Defied. Waliokuwa na simu za Java miaka ile watalikumbuka: kijipikipiki kidogo, mstari wa kijani ndio barabara, bendera mwanzo na bendera mwisho. Hakuna mpinzani, hakuna trafiki, hakuna abiria anayefika ndipo akumbuke kwamba hana chenji. Ni wewe na mlima.

Na mlima umenishinda. Njia rahisi nimevuka kwa taabu, nikaingia za kati, nimekwama. Pikipiki inafika katikati ya mwinuko, pua inanyanyuka, naona mbingu, kisogo chini, kinatokea Kiingereza cha kuniambia nimeanguka, kana kwamba sijaona. Jana nilikuwa stesheni nasubiri treni iingie, nikahesabu: mara arobaini na tatu. Mlima uleule. Mwenzangu wa kijiweni alikuwa anachungulia kwa nyuma, akasema, "Kaka, ungekuwa unalipwa kwa kila mwereka saa hizi ushanunua bajaji."

Kinachoniuma si mlima. Ni huyo mpwa. Ana miaka kumi na miwili, gia hajawahi kukanyaga, lakini herufi zake tatu ziko juu kabisa kwenye orodha ya muda, mara tatu, dhahabu, fedha na shaba zote zake. Siku anarudi Kasulu nikamuuliza siri ni nini. Kaniambia, "Tatu, mjomba, tatu," akapanda basi. Nikarudi nikairudia njia ya tatu wiki nzima nikidhani kuna mazoezi yamefichwa mle ndani. Hamna kitu.

Swali langu ni hili: gemu hili linafuata mwendo wa pikipiki ya kweli, au waliolitengeneza hawajawahi kukalia pikipiki? Maana nafanya yote ninayofanya barabarani. Nikiuona mlima nafungua mafuta mapema, napanda na kasi. Vitufe natumia hivi: 2 mafuta, 8 breki, 4 kulala nyuma, 6 kulala mbele. Nipeni maujanja.

---

dogo_kibirizi

Mjomba uza hiyo simu kwenye makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, kisha ununue simu janja. Kuna pikipiki zenye rangi huko.

---

FundiBatani (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Mkuu wa Mwanga, nakusalimu kutoka Isevya. Achana na huyo dogo. Mezani kwangu hapa nina droo nzima ya simu kama hiyo yako, na gemu hilo nimelimaliza mara mbili, moja nikiwa na nywele, moja bila. Ni la watu wa Uswidi, Codebrew Software, la mwaka 2004, na faili lake ni dogo kuliko picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp. Mle ndani kuna watu walikaa wakapiga hesabu.

Kwa hiyo ndiyo, linafuata. Tairi la nyuma likikamata ardhi, linaisukuma pikipiki kwa chini, pale mpira unapogusa udongo. Uzito wako na wa chombo uko juu. Chini kunakwenda, juu kunabaki, pua inanyanyuka. Kwenye tambarare uzito ulioko mbele unatosha kuibana. Kwenye mwinuko uzito umeshahamia nyuma, kwa hiyo mafuta yaleyale yaliyokupeleka vizuri hadi Gungu ndiyo yanayokupindua chali. Unavuta mafuta mapema, sawa, lakini naamini unaendelea kuyavuta ukiwa umeshaanza kupanda.

Ila kosa lako kubwa haliko kwenye mlima. Liko kwenye dole gumba. Bonyeza 2, na kabla hujaiachia bonyeza 6. Unaona nini? Simu nyingi za batani hazipokei vitufe viwili kwa mpigo. Kimoja kinasikika, cha pili kinapuuzwa. Wewe unadhani unatoa mafuta huku umelala mbele, simu inasikia mafuta peke yake. Waliotengeneza walilijua hilo, wakaweka kazi kwenye vitufe vya pembeni. 1 ni mafuta na kulala nyuma kwa pamoja. 7 ni breki na nyuma, 9 breki na mbele. Na 3, mkuu, ni mafuta na kulala mbele.

Yote yameandikwa kwenye ukurasa wa msaada, kwa Kiingereza, ukurasa ambao sijakutana na mteja aliyewahi kuufungua. Mipangilio ya vitufe iko mitatu. Hakikisha uko kwenye wa kwanza, hiyo miwili mingine ina vitufe vyake.

Halafu usishikilie. Gonga. Mkono wako barabarani unapima mafuta kidogokidogo, kitufe hakina nusu: ni yote au hakuna. Kipimo chako ni muda wa kugonga, ti, ti, ti, kama unaita mtu kwa kengele ya baiskeli. Ukiwa chini kabisa, 2 mpaka upate kasi. Ukianza kupanda, 3 kwa kugonga. Ukikaribia kilele, achia kila kitu.

Na usihadaike na pikipiki kubwa. Zipo za cc 100, 175, 220 na 325, zinafunguka kadiri unavyomaliza njia. Ukiipata ya 325 unajiona umekua, kumbe ukiigusa tu imeshakutupa. Fanyia mazoezi ya 100.

---

BodaWaMwanga

"Tatu, mjomba, tatu."

Mungu wangu.

Fundi, kabla sijaenda kujaribu ngoja nikwambie kitu, maana hayo ya uzito wa nyuma nayajua kwa ngozi. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa madumu mawili ya mawese, ya lita ishirini kila moja, niyapandishe Kalinzi. Nikayafunga yote nyuma kwenye keria, raba za tyubu nimekaza mpaka madumu yanalia. Kwenye tambarare nikajiona mjanja. Kona ya kwanza ya kupanda, usukani ukawa mwepesi. Nageuza, pikipiki haisikii. Unajua mtu anapokuitikia "ndiyo, ndiyo" huku mawazo yake yako kwingine? Ndivyo ilivyokuwa. Tairi la mbele likapaa taratibu kabisa, wala si kwa kishindo, nikaruka pembeni, pikipiki ikalala juu ya mzigo. Kizibo cha dumu moja kikafumuka. Mawese yakateremka njiani mekundu, yanafuata alama ya tairi langu mwenyewe. Akatokea bibi mmoja na sufuria, akachuchumaa, akachota yale ya juujuu yasiyo na mchanga. Hakuniuliza hata kama nimeumia. Alipomaliza akasema, "Pole mwanangu," akaenda zake.

Nililipa lile dumu kwa wiki mbili. Tangu siku hiyo dumu moja linakaa mbele juu ya tangi, katikati ya mapaja, moja nyuma. Na nikiwa na abiria mlimani namwambia, "Mama, sogea, niegemee mgongoni." Wengine wanadhani nina nia mbaya, inabidi nieleze.

Yaani dumu najua kulisogeza mbele, na mama wa watu najua kumsogeza mbele, ila yule mtu wa kwenye simu nilimwacha akae nyuma mara arobaini na tatu.

---

MwalimuKaliua

Fundi kaeleza vizuri kuliko mimi ninavyoeleza darasani, na mimi nalipwa kwa kazi hiyo. Ila nina kipingamizi. Gemu linafuata pikipiki ya kweli kwa kipande tu. Mkuu wa Mwanga, pua ikinyanyuka barabarani unafanya nini? Unabana klachi, au unagusa breki ya mguu, pua inarudi chini. Mguu na mkono wako vinafanya hivyo kabla kichwa hakijaambiwa. Kwenye simu hakuna klachi, hakuna gia. Miaka kumi na moja ya mazoea yako inatafuta kitufe ambacho hakipo, na sekunde hiyo moja ndiyo unayoangukia. Mpwa wako hatafuti chochote, anagonga 3 basi.

Tofauti ya pili ni mwili. Yule mtu akijitupa mbele pikipiki nzima inamfuata hata ikiwa hewani, kana kwamba yeye ndiye mzito na pikipiki ni ya maboksi. Usijaribu hivyo kwenye mteremko wa kushuka stesheni. Pikipiki ya kweli ikiwa hewani ina dawa nyingine: ukiongeza mafuta tairi la nyuma linazunguka kwa kasi zaidi na pua inapanda; ukigusa breki ya nyuma tairi linasimama na pua inashuka. Wanaoruka mashindano ya matopeni wanaishi kwa hilo. Wewe na mawese yako sitarajii mfike hewani.

Mimi niliangukia ugonjwa huu kwenye Elasto Mania, ya Balázs Rózsa wa Hungaria, ya mwaka 2000. Kwenye kompyuta za chuo, tukisubiri zamu. Unakusanya matofaa yote ndipo uguse ua, na kichwa kikigusa ukuta umekwisha. Shokapu zake ni laini kama springi za godoro la gesti, tairi linavutika mpaka unadhani limechomoka. Kuna njia moja nilikaa nayo muhula mzima. Ukiwa na kompyuta tafuta X-Moto, ni ndugu yake, ya bure kabisa, humo matunda ni stroberi. Nasema ukweli: inakera zaidi ya hiyo yako.

---

FundiBatani

Mwalimu, kipingamizi nimekipokea. Ila springi za godoro la gesti umezijulia wapi?

---

MwalimuKaliua

Semina.

---

chuma_cha_reli

Arobaini na tatu ni utoto, mkuu. Kwenye Trials Evolution, ya jamaa wa RedLynx kule Helsinki, ya 2012, ukianguka mara mia tano au dakika thelathini zikiisha, njia inakufungia unaanza upya. Nilidhani hiyo namba wameiweka kwa mapambo. Nimeifikia. Usiku, laptopu imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, mke wangu anauliza kwa nini natukana jabali.

Ujanja wa huko ni uleule lakini una hatua ya pili: ukikutana na ukuta uliosimama, lala nyuma kwanza uikandamize shokapu, halafu jitupe mbele na mafuta kwa wakati mmoja. Pikipiki inaruka kama chura. Kwenye batani yako sijui kama utaweza, ila jaribu 1 halafu 3 harakaharaka.

---

BodaWaMwanga

Wakuu nimerudi. Siku mbili nimekuwa kimya kwa sababu mbili, ya kwanza kazi, ya pili mnaijua.

Jana alasiri nilikaa chini ya mwembe, simu mkononi, vijana wa kijiweni wamenizunguka kama naangalia fainali. 2 mpaka chini ya mlima. Nikahamia 3, ti, ti. Pua ikanyanyuka kidogo, na naapa mguu wangu wa kulia ulikanyaga chini kutafuta breki, mwalimu, hapo umenijua. Nikagonga 3 tena. Yule mtu akainama, kifua juu ya usukani, tairi la mbele likagusa mstari, likabaki hapo. Ikapanda polepole. Mwenzangu mmoja alikuwa anainama nayo, bega lake limenisukuma nusura nidondoshe simu. Kilele kikafika. Nikapiga kelele, abiria aliyekuwa anakuja kwangu akageuka akaenda kwa mwingine.

Kelele hizo ndizo zilizoniponza. Fundi ulisema nikikaribia kilele niachie kila kitu; nikasahau, dole bado liko kwenye 3. Tukavuka kilele mimi na yule mtu tukiwa tumeinama bado, tukatangulia kichwa upande wa pili.

Ya arobaini na nne.

Leo asubuhi kabla ya abiria wa kwanza nimeivuka kilele vizuri, dole juu, na nikafika bendera. Muda wangu ni wa aibu lakini umeingia nafasi ya tatu, shaba ya mpwa nimeifuta. Nimempigia simu mama yake amwambie. Kajibu kwamba mtoto anasema aliniambia tangu stendi.

Sasa njia inayofuata inaanza na mteremko mkali halafu shimo halafu kijilima kifupi. Nikishika 8 breki inanirusha kichwa chini. Fundi, hapo ni 7, au nateremka bila breki kabisa? Nijibu kabla ya saa kumi, nina mzigo wa kupeleka Mahembe na huko mtandao unakatika.

---

FundiBatani

7, kwa kugonga. Na kalio nyuma ya kiti. Ukikaribia shimo ondoa dole kabisa, acha shokapu zifanye kazi, kisha 3 kwenye kijilima.

Na dumu la Mahembe liweke mbele.