Kuoanisha saa ya mishale na ya dijitali: kadi, programu ya simu au saa ya kadibodi?

mama_tegeta: Habarini wadau. Binti yangu yupo darasa la pili. Simu anaisoma bila shida, 7:45 anakutajia namba zote. Mpeleke kwenye saa ya ukutani, anabaki kukodoa macho. Wiki ijayo wana mtihani wa kuoanisha picha za saa na namba. Nimeona njia tatu: kadi za kulinganisha, programu ya simu, na saa ya kadibodi ya kutengeneza nyumbani. Ipi imewasaidia? Na hili la 7 kuwa saa moja mnalianzaje?

mwl_uyui: Pole dada. Kadi ni nzuri kwa kupima, kwa kufundishia mimi sizitaki. Mtoto anakariri picha: 3:00 anaijua, 9:30 anaijua, mpe 9:35 ambayo haimo kwenye kadi uone.

Kadibodi nayo ina ubaya wake, na watu hawausemi. Kila mshale unazunguka kivyake. Mtoto anaweka mrefu kwenye 6, mfupi anauacha juu ya 8 kamili, anakwambia ni 8:30. Kwenye saa ya kweli, muda huo mfupi uko katikati ya 8 na 9. Sasa mwonyeshe 7:45 halisi: mfupi umeshaisogelea 8, naye anaandika 8:45. Darasani kosa hili nakutana nalo kuliko jingine lolote.

Tafuta saa ya ukutani ya betri, hata iliyokufa, mradi kile kigurudumu cha nyuma kinazunguka. Toa betri. Andika 7:45 kwenye karatasi, umwachie azungushe mwenyewe kuanzia 7:00. Mishale yote miwili itakwenda pamoja, na ataona jinsi mfupi unavyojivuta polepole wakati mrefu unakimbia. Mzunguko mzima wa mrefu, mfupi umehama namba moja tu.

baba_pacha: Mwalimu, programu usizidharau. Wanangu walijifunza kuhesabu tano tano humo humo, maana bila 5, 10, 15 mshale mrefu hausomeki.

mwl_uyui: Sijakataa mkuu. Ila nyingi zinasema kwa Kiingereza, mshale ukiwa kwenye 7 zinatamka "seven". Mtoto akija kwa bibi anasema saa saba, bibi anadhani ni muda wa chakula cha mchana.

nyanya_nakuru: Huku Kenya tuna mambo yote mawili kwa siku moja. Hisabati ni kwa Kiingereza, kipindi cha Kiswahili kikifika, picha ile ile ya saa ina jibu jingine. Wajukuu wangu nimewafunza kutazama namba ya ng'ambo. Mfupi ukiwa kwenye 7, ng'ambo yake ni 1, basi ni saa moja. Kwenye 10, ng'ambo ni 4. Kwenye 12, ni 6. Haikosei, kwa kuwa tofauti ni saa sita, na saa sita ni nusu ya duara. Na kwenye 7:30 inafanya kazi vile vile: ng'ambo yake ni kati ya 1 na 2.

Chukua kipande cha mrija, kibandike kwenye mshale mfupi kitokeze upande wa pili kama mkia. Mkia ndio unaosoma Kiswahili.

baba_pacha: Hii ya mkia naiiba leo leo. Ila mama, wakwangu najua wataufanyia na mshale mrefu. Dakika 15 watazisoma 45.

nyanya_nakuru: Ndiyo maana mkia una rangi. Mfupi na mkia wake nyekundu, mrefu buluu, na buluu haina mkia. Kwenye simu ni hivyo hivyo: funika namba za kushoto kwa kidole, hizo za kulia hazibadiliki kwa lugha yoyote.

mzizima77: Mmesahau kasorobo. Nyumbani nani anasema "saa moja na dakika arobaini na tano"? Tunasema saa mbili kasorobo, na simu haimwonyeshi mtoto hiyo mbili popote. Kwenye mishale anaiona kwa macho, mfupi karibu unagusa 8. Mimi ningeanza na mishale, simu ifuate.

mama_tegeta: Asanteni sana, saa mbovu ninayo. Sasa nachanganyikiwa na kitu kingine. Tangazo la shule limeandikwa "kikao saa 2:30 asubuhi". Simu muda huo itasema 8:30. Mtoto aoanishe ipi?

mwl_uyui: Hapo hata watu wazima wanakwama. Sisi huandika saa za Kiswahili kwa tarakimu vile vile, kwenye matangazo, hata tiketi za basi: "saa 12:00 asubuhi", simu ikionyesha 6:00. Mweleze kwamba simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, tangazo linahesabu tangu jua lilipochomoza. Na simu yako iondoe kwenye muundo wa saa 24 kwa sasa, 19:45 isubiri.

Kuhusu mtihani, muulize mwalimu wake mapema: chini ya picha ya mfupi karibu na 8 na mrefu kwenye 9, anataka 7:45 au saa 1:45? Shule zinatofautiana, na mtoto anaweza kukosa alama huku kajibu sawa.